Wakimbizi wa ndani: Kuhesabiwa ni sehemu ya tiba

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikifanya kazi katika kituo kimoja cha afya mjini Garissa. Asubuhi moja aliingia mama mmoja, umri wake yapata miaka thelathini, amembeba mtoto. Alikuwa amekonda mno na kila baada ya maneno mawili alikohoa. Nilifungua daftari letu la wagonjwa wa kifua kikuu, nikaliona jina lake. Alikuwa ametumia dawa kwa miezi miwili, kisha akapotea. Kando ya jina lake, kwa mwandiko wangu mwenyewe, palikuwa na neno moja: "Mtoro".

Nilimkemea kama sisi madaktari tulivyozoea. "Mama, dawa hizi ni za miezi sita. Mbona ulitoroka?"

Alinitazama, akasema: "Daktari, mimi sikutoroka dawa. Tulikimbia risasi."

Alinieleza yote. Koo mbili ziligombania kisima, bunduki zikatolewa, nyumba zikachomwa. Walitembea usiku nne. Walikaa kwa shangazi mwezi mmoja, mapigano yakafuata huko, wakahamia kwa jamaa mwingine, mwisho wakaja kujenga kibanda cha miti na turubai pembeni mwa mji. Kwa miezi mitano walihama mara tatu. Hakuna aliyewaandika popote, kwani hata naibu wa chifu wao alikuwa amekimbia. Katika daftari langu alikuwa mtoro. Katika hesabu za serikali bado alikuwa mkazi wa kijiji ambacho sasa kilikuwa majivu.

Mtoto wake wa kiume alikuwa na miezi kumi na minne. Chanjo ya surua ya miezi tisa hakuipata, kwa maana siku ya kuipata walikuwa njiani. Macho yake yalikuwa mekundu, ana vipele mwili mzima na alihema upesi upesi. Habari zao nitazirudia mwishoni. Kwanza, msomaji, hebu tujifunze juu ya jambo ambalo wengi hudhani si la daktari: kuwatafuta na kuwahesabu watu waliofurushwa makwao.

MKIMBIZI WA NDANI NI NANI?

Mtu akivuka mpaka wa nchi yake kukimbia vita au mateso huitwa mkimbizi. Hulindwa na mkataba wa kimataifa wa mwaka 1951, na Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi (UNHCR) lina wajibu juu yake. Mtu akifurushwa na vita, ghasia au janga, lakini akabaki ndani ya nchi yake, yeye ni mkimbizi wa ndani. Huyu bado ni raia, na mwenye wajibu wa kwanza kumlinda ni serikali yake mwenyewe.

Mwaka 1998 Umoja wa Mataifa ulipokea kanuni za kuwalinda watu hawa, zilizoandaliwa chini ya uongozi wa Francis Deng, mwanasheria kutoka Sudan. Mwaka 2009 Umoja wa Afrika ulipitisha Mkataba wa Kampala, ulioanza kutumika Desemba 2012. Kenya nayo ilipitisha sheria yake mwaka huo huo wa 2012. Sheria hiyo inawatambua waliofurushwa na vita, na majanga, na hata miradi ya maendeleo, na inataka waandikishwe ili wasaidiwe.

Tofauti ya makundi haya mawili inaonekana wazi Garissa kuliko kwingineko. Kambi za Dadaab zilifunguliwa kuanzia mwaka 1991 kwa ajili ya watu 90,000 waliokimbia vita vya Somalia. Kufikia 2011, wakati wa njaa kubwa, wakazi wake walikaribia nusu milioni. Mkimbizi wa Dadaab ana kadi, ana nambari, na jina lake limo kwenye kompyuta. Lakini Mkenya aliyefurushwa kilomita chache kutoka hapo huenda hana hata karatasi ya kuonyesha kwamba amefurushwa.

Jambo hili lilizaa taabu nyingine. Wakati wa ukame, Wakenya wengi wa Garissa na jirani zake walijiandikisha Dadaab kama wakimbizi ili wapate chakula na matibabu. Miaka ilipopita, watoto wao walipokwenda kuomba vitambulisho, alama za vidole zilionyesha kwamba wao ni wakimbizi. Makumi ya maelfu ya watu walinaswa katika mtego huo, raia wasio na kitambulisho. Orodha inaweza kumlisha mtu leo na kumfunga kesho.

WATU HUHAMISHWA NA NINI?

Sababu za kufurushwa katika kaunti za Garissa, Wajir na Mandera ni nyingi, na mara nyingi huandamana.

Ya kwanza ni mapigano ya koo juu ya maji, malisho, mipaka na viti vya siasa. Kati ya 2012 na 2014, mapigano ya Wagarre na Wadegodia katika Mandera na Wajir, sehemu kama Rhamu na Banissa, yaliwatawanya makumi ya maelfu ya watu.

Ya pili ni mashambulizi ya Al-Shabaab. Novemba 2014 abiria 28 wa basi waliuawa Mandera, na siku chache baadaye wachimba mawe 36. Aprili 2, 2015 watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa. Aprili 2019 madaktari wawili kutoka Cuba walitekwa nyara mjini Mandera. Mapema 2020, baada ya walimu watatu kuuawa Kamuthe, walimu wasio wenyeji waliondolewa Garissa. Zingatia jambo hili: mwalimu na muuguzi ndio wanaojua nani yupo na nani hayupo. Wao wakikimbia, wanaoandika ndio wamekwenda.

Ya tatu ni hali ya hewa. Kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi mwishoni mwa 2022, misimu mitano ya mvua ilikosa mfululizo, na mifugo ikafa kwa wingi. Kisha Novemba 2023 mvua za El Niño zikaja kwa ghadhabu. Mto Tana ulifurika, barabara ikakatika pale Kona Punda, kati ya Madogo na mji wa Garissa, na watu wakawa wanavushwa kwa mashua. Aprili 2024 maji yalirudi, mashua ikazama na watu wakafa.

Hapa kuna swali gumu. Mfugaji huhama kila mwaka. Je, utajuaje nani amehama kwa kawaida na nani amefurushwa? Wazee wa huko watakujibu bila kusita. Anayehama kwa malisho huondoka na mifugo yake, anajua kisima anachokwenda, na ameafikiana na wenye eneo. Aliyefurushwa huondoka usiku, njia yake ya kawaida imefungwa, na aghalabu hana mnyama hata mmoja. Yupo pia yule ambaye mifugo yake imekwisha kabisa, akaja kuishi kwenye bulla za pembeni mwa mji, akiuza kuni au maji kwa mkokoteni wa punda. Huyu hakukimbia risasi, lakini hana pa kurudi. Ndiye anayesahauliwa upesi zaidi.

HESABU INAMHUSU VIPI DAKTARI?

Tuchukue mfano. Kituo cha afya kina watoto 200 kwenye daftari, nao 180 wamechanjwa surua. Hiyo ni asilimia 90, na mkubwa wa kituo anapongezwa. Kisha mapigano yanaleta watoto wengine 300, na kati yao 60 tu ndio waliochanjwa. Sasa eneo hilo lina watoto 500, na waliochanjwa ni 240. Asilimia 90 imeshuka hadi 48. Lakini kwa kuwa wageni hawakuandikwa, ripoti inayotumwa makao makuu bado inasema 90.

Surua ni miongoni mwa magonjwa yanayoenea upesi kabisa. Ili kuizuia, watoto wapatao 95 kati ya kila 100 sharti wawe wamechanjwa. Ndiyo maana katika kambi na mahali palipofurika watu, kampeni huwachanja watoto kuanzia miezi 6 hadi miaka 15, bila kungoja ile miezi tisa ya kawaida, na wadogo huongezewa vitamini A. Lakini chanjo huletwa kwa idadi. Chupa zikiagizwa kwa watoto 200, watoto 300 watarudi nyumbani bila chanjo.

Mfano wa pili ni wa maji. Kipimo kinachokubaliwa duniani wakati wa dharura ni angalau lita 15 kwa mtu mmoja kwa siku. Ikiwa makadirio ni watu 10,000, malori huleta lita 150,000. Ikiwa kwa kweli watu ni 15,000, kila mmoja atapata lita 10. Mama atachagua kupika au kunawisha watoto mikono, na hapo ndipo kipindupindu huingia. Kipindupindu kilichozuka Kenya Oktoba 2022 kiliifikia Garissa na kambi za Dadaab, mahali ambapo ukame ulikuwa umekwisha wakusanya watu wengi kwenye maji machache.

Mfano wa tatu ni wa vifo, na huu huwashangaza wengi. Wataalamu husema hali ni ya hatari kubwa pale anapokufa mtu mmoja au zaidi kati ya kila watu 10,000 kwa siku. Kwa watoto wa chini ya miaka mitano ni wawili kati ya 10,000. Sema kambi ina watu 10,000 na kwa siku thelathini wamekufa 30. Hapo kengele ya hatari italia. Sasa tuseme viongozi, wakitaka chakula zaidi, waliandika watu 20,000. Vifo ni vile vile 30, lakini hesabu itaonyesha nusu mtu kwa siku. Kengele haitalia. Kumbe kuongeza idadi, jambo ambalo wengi hudhani ni kuwasaidia maskini, kunaweza kuwaficha maiti.

WATU HUHESABIWAJE?

Hakuna njia moja. Zipo kadhaa, na kila moja ina nguvu na udhaifu wake.

1. Kuandikisha kaya. Maofisa hupita kibanda kwa kibanda, wakiandika jina la mwenye kaya, idadi ya watu, umri, walikotoka na lini. Hii ndiyo inayotoa maelezo mengi zaidi, lakini huchukua muda na fedha, na watu wakihama wiki ijayo orodha imezeeka.

2. Kuwauliza wajuao. Chifu, mzee wa kijiji, imamu, mwalimu wa duksi, wasimamizi wa soko la mifugo na kina mama wauza maziwa huulizwa kila mmoja peke yake: "Wamefika wangapi? Kutoka wapi?" Majibu hulinganishwa. Chifu akisema kaya 400, na kina mama wakasema 150, mtafiti hana budi kwenda kuona kwa macho. Njia hii ndiyo uti wa mgongo wa mfumo wa kufuatilia mihamo unaoendeshwa na Shirika la Kimataifa la Uhamiaji (IOM), ambao ulianzia Iraq mwaka 2004 na umetumika katika nchi nyingi zenye vita.

3. Kuhesabu njiani. Watu huwekwa kwenye njia panda, vituo vya mabasi na vivuko vya mto, wakihesabu wanaopita. Hii huonyesha mkondo wa watu unakoelekea, lakini haisemi ni wangapi waliopo mahali.

4. Kutazama kutoka juu. Picha za setilaiti au ndege huhesabu vibanda, kisha idadi huzidishwa kwa wastani wa watu katika kaya. Njia hii hufaa pale ambapo pana hatari kufika. Lakini setilaiti haimwoni mgeni aliyelala ndani ya nyumba ya binamu yake.

5. Alama za simu. Baada ya tetemeko la Haiti mwaka 2010, watafiti walitumia kumbukumbu za laini za simu, bila majina, kujua watu wa mji mkuu wamekimbilia wapi. Kaskazini mashariki mwa Kenya kuna maeneo mapana yasiyo na mtandao, na familia nzima yaweza kutumia simu moja, hivyo njia hii peke yake itawaacha nje walio maskini zaidi.

6. Uchunguzi wa sampuli. Hapa hahesabiwi kila mtu. Huchaguliwa kaya chache kwa bahati nasibu, zikapimwa kwa makini. Baada ya mafuriko ya El Niño ya 1997 na 1998, Homa ya Bonde la Ufa ilizuka Garissa. Waliofika hospitalini walikuwa wachache, kwa kuwa barabara zilikuwa chini ya maji. Lakini watafiti walipopima damu ya sampuli ya wakazi, walikadiria kwamba watu wapatao 27,500 waliambukizwa katika Wilaya ya Garissa peke yake. Daftari la hospitali lilikuwa limeona kipande kidogo tu cha ukweli.

Aidha, Mamlaka ya Kitaifa ya Kukabiliana na Ukame (NDMA) hutoa taarifa kila mwezi kwa kaunti kame, kutokana na kaya zinazotembelewa mara kwa mara: bei ya mbuzi, umbali wa kwenda majini, na kipimo cha mkono wa mtoto. Tepu ikizungushwa juu ya mkono wa mtoto wa kati ya miezi sita na miaka mitano ikasoma chini ya sentimita 11.5, mtoto huyo ana utapiamlo mkali na anahitaji matibabu mara moja. Bei ya mbuzi inapoanguka na mikono ya watoto inapoanza kukonda, mjuzi anajua watu watahama kabla hawajafunga mizigo.

MAKOSA YANAYOFANYIKA

Kosa la kwanza ni kuhesabu kambi peke yake. Baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007, serikali iliandikisha watu 663,921 waliofurushwa nchini Kenya. Kati yao wapatao 350,000 walikuwa kambini. Waliobaki, zaidi ya 300,000, walipokewa na jamaa na marafiki. Kwa miaka mingi hawa wa pili walilalamika kwamba fidia ya ardhi na pesa iliwapita. Kaskazini mashariki karibu wote ni wa kundi hili la pili, kwa kuwa mila ya Wasomali na dini yao haziruhusu mtu wa ukoo kulala nje ukiwa na nyumba. Ukarimu huu ni jambo jema mno. Lakini ndio unaowaficha wahitaji, pamoja na wenyeji wao ambao mfuko mmoja wa unga sasa unalisha watu kumi na watano.

Kosa la pili ni kuchanganya watu na mihamo. Yule mama wangu alihama mara tatu. Anayehesabu mihamo ataandika tatu. Anayehesabu watu ataandika mmoja. Zote mbili ni kweli, lakini zikijumlishwa pamoja ni uongo.

Kosa la tatu ni siasa. Idadi ya watu huleta fedha na viti bungeni, hivyo kila mmoja ana sababu ya kuivuta upande wake. Mwezi Agosti 2010, Waziri wa Mipango Wycliffe Oparanya alifuta matokeo ya sensa ya 2009 katika wilaya nane za kaskazini, zikiwemo za Mandera, Wajir East na Lagdera, akisema idadi haziaminiki. Ubishi uliendelea mahakamani. Mwenye kuumia hapo ni muuguzi anayeagiza chanjo: atumie nambari ipi?

Kosa la nne ni kusahau kwamba watu wa huko wana sababu ya kuogopa orodha. Mwaka 1989 Wakenya wa asili ya Kisomali walilazimishwa kupita kwenye ukaguzi na kubeba kadi maalum ya rangi ya waridi ili kuthibitisha uraia wao. Mtu aliyepitia hayo, au aliyesimuliwa na baba yake, akiona kijana na kalamu mlangoni ataficha wanawe. Katika vita vya koo, orodha inayoonyesha nani yuko wapi na ni wa ukoo gani ikimfikia adui yaweza kuua. Kwa hiyo anayeandikisha lazima aeleze sababu, asiulize ukoo pasipo haja, na alinde karatasi zake kama daktari anavyolinda siri ya mgonjwa.

SOMO KUTOKA WAJIR

Je, inawezekana kumfuata mgonjwa ambaye makazi yake hayatulii? Jibu limekuwepo Wajir tangu mwaka 1976. Annalena Tonelli, Mtaliano aliyekuja Kenya akiwa mwalimu, aliona wafugaji wenye kifua kikuu wakianza dawa na kupotea, kama yule mama wangu. Badala ya kuwaita watoro, aliwaruhusu wajenge vibanda vyao vya kuhamahama kando ya kituo, wakae hapo na kunywa dawa mbele ya mhudumu kila siku, wakipona ndipo warudi kwa mifugo yao. Mahali hapo pakajulikana kama TB Manyatta. Mpango wa kumshuhudia mgonjwa akimeza dawa baadaye ulienea duniani kote.

Mama huyu pia aliwahudumia manusura wa mauaji ya Wagalla ya Februari 1984, akasaidia habari zake kujulikana, na baadaye alilazimika kuondoka Kenya. Aliuawa Borama, Somaliland, Oktoba 2003, mwaka ule ule aliotunukiwa Tuzo ya Nansen ya wakimbizi. Kuhusu Wagalla, serikali hapo kwanza ilisema waliokufa ni 57. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano mwaka 2013 ilikadiria karibu 1,000. Tazama jinsi watu wasiohesabiwa wakiwa hai wanavyokuwa vigumu kuhesabiwa wakifa.

WEWE MSOMAJI UFANYE NINI?

Huenda unasoma ukiwa Nairobi au Mombasa na unadhani hili ni la mbali. Lakini jamaa waliofurushwa huja mjini, Eastleigh na kwingineko, na kulala sebuleni kwako. Zingatia haya:

- Umepokea jamaa waliofurushwa? Mjulishe mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa wako na kituo cha afya kilicho karibu. Mgeni wako ana haki ya chanjo na kliniki pale alipo.

- Chanjo ikiwa imekatizwa, mtoto haanzi upya. Anaendelea pale alipoachia. Usione haya kwa kuchelewa, mpeleke leo.

- Piga picha ya kijitabu cha kliniki na kadi ya dawa kwa simu, umtumie jamaa mmoja aliye mbali. Nyumba ikiungua au ikisombwa na maji, picha itabaki.

- Anayetumia dawa za kifua kikuu asingoje kurudi kwao. Matibabu haya hayalipiwi katika vituo vya serikali, na kituo chochote kinachoyatoa kitamwendeleza. Kila wiki inayopita bila dawa huwapa vijidudu nafasi ya kuwa sugu.

- Mweleze daktari ukweli: umehama lini, kutoka wapi, mara ngapi. Si aibu. Ni habari ya kitabibu kama homa na kikohozi.

- Ukisoma gazetini kwamba "watu elfu kadhaa wamefurushwa", jiulize: Amehesabu nani? Lini? Ni watu au kaya? Ni waliopo au ni mihamo? Na walio kwa jamaa wamehesabiwa?

YULE MAMA NA MWANAWE

Tulipima makohozi ya yule mama kwa mashine, na kwa bahati njema vijidudu havikuwa vimekuwa sugu. Alianza dawa upya na safari hii alikaa kwa binamu yake karibu na kituo mpaka akamaliza. Alipona.

Mwanawe tulimlaza siku hiyo hiyo. Surua ilikuwa imeshaingia mapafuni. Tulimpa oksijeni, dawa na vitamini A, lakini siku ya tatu alfajiri alifariki dunia. Chanjo ambayo ingemwokoa ilikuwapo kwenye jokofu letu muda wote ule. Haikuwa na jina lake, kwa kuwa jina lake lilikuwa limeandikwa kwenye kijiji kisichokuwapo tena.

Tangu siku ile, mgonjwa akipotea siandiki neno "mtoro". Kwanza huwauliza watu watatu: mhudumu wa afya wa eneo lake, chifu wake, na dereva wa gari linalopita njia hiyo. Mara nyingi mmoja wao anajua yuko wapi. Kisha hupiga simu kwenye kituo cha huko na kuwaambia: "Mgonjwa wangu yuko kwenu. Mtafuteni."